Tamasha la Filamu ni la Wote, Kitanda Je?

Ratiba ya Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, ikitoka, mazungumzo ya mwanzo huwa juu ya filamu zenyewe: ipi imetoka Kenya, ipi ni ya vijana wa Bongo, nani safari hii anawania Jahazi la Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha. Kwa aliyezaliwa Vuga au Mlandege mazungumzo yanaweza kuishia hapo, maana filamu ya mwisho ikimalizika anatembea kwa miguu hadi kwao. Kijana wa Mwanza aliyehariri filamu yake ya kwanza kwa kompyuta ya kuazima ana swali jengine kabisa. Vivyo hivyo mwanafunzi wa Chake Chake, na mwandishi wa Mombasa anayejilipia nauli. Nitalala wapi, na kwa shilingi ngapi? Naamini swali hilo ndilo linaloamua nani anaingia kwenye tamasha hili na nani analisoma kwenye simu, na naamini tumeliacha mikononi mwa soko kwa muda mrefu kupita kiasi.

ZIFF ilianzishwa mwaka 1997 na tamasha la kwanza likafanyika mwaka 1998, chini ya jina la nchi za jahazi: mwambao wa Afrika Mashariki, Uarabuni, Ghuba, Bara Hindi na visiwa vya Bahari ya Hindi. Wazo lilikuwa kubwa na bado ni kubwa. Watu ambao pepo za msimu ziliwaunganisha kwa karne nyingi wakutane tena Unguja, waoneshane maisha yao. Na Unguja ya zamani ilijua kuwapokea watu hao kwa kila kipato. Vyombo vilikuja na kaskazi vikangoja kusi virudi, na katika miezi hiyo ya kungoja nahodha alikuwa mgeni wa mfanyabiashara anayejuana naye, baharia akilala chomboni au akijibanza Malindi na Funguni. Hakuna aliyerudishwa kwao kwa sababu ya kukosa pa kulala.

Siku hizi ugumu unaanza na kalenda. Masika yanakwisha Mei, jua linakuwa la wastani, na kuanzia mwishoni mwa Juni skuli za Ulaya zinafunga. Huo ndio msimu wenye watalii wengi, unaoendelea hadi Septemba, na ndani yake kuna Mwaka Kogwa wa Makunduchi mwezi Julai. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 736,000, wengi wao wakipitia Mji Mkongwe japo kwa usiku mmoja au miwili kabla ya kwenda fukweni. Kwa hiyo tamasha linaukuta mji umeshajaa. Mwenye hoteli ya Shangani hana sababu ya kumpunguzia bei mtengenezaji filamu wakati chumba kile kile kuna familia ya Kitaliano inakitaka kwa bei kamili. Simlaumu, ana mikopo na mishahara ya kulipa. Ila tusitegemee kwamba huruma yake itatatua jambo hili.

Kisha kuna tarehe zinazohama. Mwaka 2023 tamasha lilikuwa Juni 24 hadi Julai 2. Mwaka 2024 likawa Agosti 1 hadi 4. Mwaka 2025 likarudi Juni, tarehe 25 hadi 29. Kufupishwa kwake kuna faida kwa mwenye mfuko mdogo, kwani kulipia usiku nne au tano si sawa na kulipia tisa, na naipongeza hatua hiyo. Kuhama kwa tarehe ndiko kunakoumiza. Vitanda vya bei rahisi Mjini ni vichache na ndivyo vinavyomalizika mwanzo. Anayejua tarehe miezi sita kabla anavipata. Anayejua wiki sita kabla anakuta vimebaki vyumba vya dola mia na zaidi. Mgeni mwenye uwezo atabadilisha tiketi ya ndege alipe faini. Mwalimu wa skuli aliyeomba ruhusa kazini, au kikundi cha sanaa kilichochangishana nauli, hakiwezi.

Sasa tuje kwenye ramani, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi wanapopotea, hata Watanzania wenzetu. Mtu akisikia Zanzibar anaona Nungwi, Kendwa, Paje. Anatafuta kwenye mtandao, anaona nyumba nzuri Paje kwa bei nafuu kuliko Mjini, analipa. Paje ni karibu kilomita 50 kutoka Forodhani, Nungwi inakaribia 60. Mchana hilo si tatizo: daladala ya njia ya 116 itakupeleka Nungwi, ya 309 itakupitisha Paje ikielekea Jambiani, kwa nauli ya kawaida ya mwananchi. Lakini uhai wa ZIFF uko usiku. Filamu kubwa zinaoneshwa Ngome Kongwe, katika uwanja wa wazi wenye viti vya mawe ndani ya kuta walizojenga Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, na mara nyingi muziki unafuata baada ya filamu. Saa nne usiku daladala za shamba, yaani za nje ya mji, zimeshalala zamani. Kinachobaki ni teksi, na teksi ya Paje usiku wa manane inaweza kula tofauti yote ya bei uliyoiokoa kwa kulala mbali. Ukifanya hivyo mara mbili tu, umelipa hoteli ya Mjini bila kulala ndani yake.

Ushauri wangu kwa wanaoniuliza, na kila msimu wapo jamaa wa bara wanaonipigia simu, ni huu: pima kitanda kwa umbali wake na Ngome Kongwe saa sita za usiku. Nyota za hoteli ziweke nyuma, picha za bwawa la kuogelea ziweke nyuma zaidi. Kama unataka bahari, malizana na filamu kwanza, halafu siku mbili za mwisho nenda shamba.

Kwa wenye fedha sina maneno mengi. Serena na Park Hyatt ziko Shangani, Tembo iko hatua chache kutoka Forodhani, na hapo huhitaji msaada wa mwandishi wa makala. Wanaofikia humo wakati wa tamasha mara nyingi ni waalikwa au watu wa mashirika, na gharama inalipwa na mwengine.

Daraja la kati ndilo lenye utajiri wa mji huu. Majumba ya kale ya Hurumzi, Kiponda, Mkunazini na Kajificheni yamegeuzwa nyumba za wageni zenye vyumba vinane, kumi, kumi na tano. Chumba cha watu wawili katika nyumba za kawaida za aina hii huwa kati ya dola 40 na 80 pamoja na chakula cha asubuhi, na kwenye zilizokarabatiwa kwa ustadi kinapanda hadi mia na kuendelea. Kabla ya kulipa uliza mambo ambayo picha hazioneshi. Chumba kiko dari ya ngapi? Ngazi za majumba haya zimesimama kama za mnara, na mwenye magoti mabovu au mzigo wa kamera atajuta. Kuna maji ya tangi pale ya bomba yanapokatika? Umeme ukikatika kuna jenereta, na jenereta hiyo imewekwa chini ya dirisha la nani? Bei inajumuisha kodi ya miundombinu inayotozwa kwa kila usiku, au utaambiwa siku ya kuondoka? Na jua kwamba utaamshwa na adhana ya alfajiri kutoka misikiti mitatu kwa pamoja. Mimi naipenda. Asiyeizoea na ajue mapema, asije akagombana na mwenyeji wake.

Wanaosafiri peke yao na mkoba mmoja wana mabweni ya wasafiri yenye vitanda vya ghorofa, yaliyoongezeka Mjini katika miaka ya karibuni. Kitanda kimoja hupatikana kwa dola 10 hadi 20 kwa usiku. Kwa kijana wa filamu hiyo ni sehemu bora kuliko anavyodhani, kwani kitanda cha juu yake anaweza kuwa amelala mpiga picha wa Kampala anayetafuta mtu wa kuandika naye hadithi. Ila mwenye kamera aulize kabati lenye kufuli, na wanawake waulize kama kuna bweni lao peke yao.

Halafu kuna jambo la shilingi na dola. Msimu mmoja nilikwenda kumtafutia chumba mhariri wa filamu kutoka Dodoma. Nyumba sitaitaja. Kwenye simu niliambiwa bei kwa shilingi, tukakubaliana. Nilipofika kulikuwa na kijana mezani na daftari lenye safu mbili zilizopigwa mstari kwa rula, moja ya wageni wa nje na moja ya wakaazi. Jina la mgeni wangu lilikuwa limeandikwa safu ya kwanza. Nikamwambia ni Mtanzania, kitambulisho chake cha taifa hiki hapa kwenye simu. Akasema msimu wa tamasha bei ni moja, ya safu ile. Akafunga daftari. Nilibisha kwa muda, kisha nikaondoka, na mhariri yule akalala kwa binamu yangu Kikwajuni.

Nasimulia hili kwa sababu linarudiwa sehemu nyingi. Bei ya mkaazi ni desturi nzuri, inayotambua kwamba mshahara wa Dodoma na wa Düsseldorf si mmoja. Inapofutwa kimyakimya katika siku zile zile ambazo Watanzania wengi wanataka kuja, maana yake tumewafungia mlango wakati sherehe yao imeanza. Anayetoka bara aombe bei ya mkaazi kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, na aje na kitambulisho.

Bandarini Malindi nako kuna papasi, wale wanaowapeleka wageni hotelini ili walipwe kamisheni. Si watu wabaya wote, wengine wamenisaidia sana. Lakini papasi akikubebea begi hadi mlangoni, kamisheni yake inaingia kwenye bei ya chumba chako. Hatari iliyozidi hapo ni matangazo ya vyumba kwenye mitandao ya kijamii yanayotaka utume fedha yote kwa simu kabla hujaona hata mlango. Tuma kianzio kidogo baada ya kumpata mtu wa Unguja akuangalizie, au usitume kabisa.

Kiini cha hoja yangu kiko upande wa pili wa barabara ya Darajani. Ng'ambo, yaani Kikwajuni, Michenzani, Kwaalinatu, Rahaleo, Miembeni, ndiko wanakoishi Waunguja wengi wa mjini, na kutoka Michenzani hadi Ngome Kongwe ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Huko kuna gesti za shilingi 30,000 hadi 50,000 ambazo hazimo kwenye mitandao ya kutafutia hoteli. Zina feni, chandarua, choo ndani au nje, na asubuhi unatoka unakuta chapati na maharage ya nazi kwa pesa ndogo. Baadhi huwauliza wachumba cheti cha ndoa, na hiyo ni haki yao; wenye kuja wawili wajitayarishe. Mgeni wa tamasha hazijui gesti hizi kwa sababu hakuna aliyemwambia. Vipeperushi vinavyomfikia vinaishia Darajani kana kwamba mji unamalizikia hapo.

Zaidi ya gesti kuna nyumba za watu. Mpemba anayekuja Unguja kwa shughuli yoyote, harusi, hospitali au mitihani, hashuki hoteli. Anashuka kwa jamaa, Mpendae au Amani au Mwanakwerekwe, na akifika anapelekwa kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ajulikane. Utaratibu huu upo, unafanya kazi, na haukubuniwa na mtu yeyote wa utalii. Vyumba vipo: mtoto ameolewa, mwengine yuko masomoni, chumba kimebaki na kitanda na kabati. Wapo akina mama wengi wa Ng'ambo ambao wangefurahi kumpokea binti wa filamu kutoka Arusha kwa usiku nne, wakampikia, wakapata fedha ya ada ya mjukuu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kinachokosekana ni wa kuwakutanisha, na njia ya kisheria ya kufanya hivyo bila mama huyo kulazimika kusajiliwa kama hoteli.

Najua pingamizi, na moja ni zito. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na tangu hapo nyumba baada ya nyumba imetoka kuwa makaazi ikawa hoteli au duka la vinyago. Wenyeji wamehamia Ng'ambo na hata mbali zaidi. Tukisema sasa nyumba za Ng'ambo nazo zipokee wageni, je, hatuuhamishi ugonjwa? Kesho mwenye nyumba atamtoa mpangaji wa mwaka mzima ili apate wageni wa dola, na kodi ya pango itapanda kwa mwalimu na muuguzi.

Hofu hiyo naichukua kwa uzito wote, kwa sababu nimeona mitaa ya Shangani ikizimika taa za nyumbani na kubaki taa za mikahawa. Jibu langu ni kuweka mipaka iliyo wazi. Chumba kitolewe na mtu anayeishi ndani ya nyumba hiyo, si na dalali mwenye nyumba sita. Kiwe cha siku za matamasha tu, yaani ZIFF, na kwa nini isiwe pia Sauti za Busara ya Februari, ambayo imekuwa ikifanyika tangu mwaka 2004 na inakabiliwa na uhaba ule ule. Bei iwe na kikomo kinachojulikana. Na sheha awe na orodha, kama alivyo nayo ya wageni wengine wa mtaa wake. Kwa masharti hayo hakuna mpangaji atakayetolewa, kwani hakuna atakayemfukuza mtu wa miezi kumi na mbili kwa ajili ya usiku nne.

Pingamizi jengine ni la maadili: vijana wa filamu wana mavazi yao, saa zao za kurudi, vinywaji vyao. Hili ni rahisi kuliko linavyosikika. Mwenye nyumba aandike masharti yake na mgeni ayasome kabla ya kuja. Asiyeyaweza atafute hoteli. Nimewaona wageni wakikaa katika nyumba za Kiislamu kwa heshima kubwa, wakijifunga kanga bila kuambiwa, na nimewaona wenyeji wakikesha kumngoja mgeni wao arudi salama.

Ipo pia hoja kwamba tamasha liende kwa watu badala ya watu kulifuata. Naiunga mkono kwa moyo wote. Miaka ya nyuma ZIFF ilipeleka maonesho vijijini, Unguja na Pemba, na mtoto wa Wete akaona filamu kubwa bila kupanda boti. Hilo lirudi kwa nguvu. Lakini haliondoi haja ya kitanda. Mtengenezaji filamu haji kuangalia tu. Anakuja kukutana na wenzake, kupokea ukosoaji, kumpata msambazaji. Hayo yanatokea Mjini, kwenye baraza na migahawa, mara nyingi baada ya saa nne usiku. Na boti za mwendo wa kasi za Dar es Salaam za mwisho huondoka kabla ya filamu za usiku kuanza, kwa hiyo hata mtu wa Dar, aliye saa mbili tu kutoka hapa, hana ujanja bila kulala.

Waandaaji watangaze tarehe za mwaka ujao usiku wa kufunga tamasha la mwaka huu, na wasizihamishe. Kamisheni ya Utalii ikae na masheha wa Kikwajuni, Michenzani na Rahaleo watengeneze orodha ya kwanza ya vyumba, hata vikiwa 30, yenye bei kwa shilingi na masharti ya kila nyumba, itolewe pamoja na ratiba ya filamu. Wenye daladala wa njia ya 502 na 505 walipwe na wadhamini wafanye safari mbili za ziada, saa tano na saa saba usiku, zianzie Forodhani kwa wale waliopata kitanda Bububu au njia ya uwanja wa ndege. Mdhamini anayetundika bango lake kwenye ukuta wa Ngome Kongwe anaweza kulilipia hilo. Na nyumba zitakazokubali kuiheshimu bei ya mkaazi siku za tamasha ziandikwe majina yao juu kabisa ya orodha hiyo, mahali ambapo mtu wa Dodoma ataziona mwanzo.